Bondia wa Mtwara, mpiga mateke wa Lindi na mkataba wa ukurasa mmoja

Promota alikuja na mkataba wake mwanzoni mwa Novemba 2023, msimu wa korosho ukiwa umekolea. Minada ilikuwa inaendelea Tandahimba, Newala na Masasi, wakulima walikuwa wanaanza kuona hela kwenye akaunti, na kila mwenye cha kuuza Mtwara alikuwa anajipanga. Watu wa ngumi nao hujipanga msimu huo. Ila safari hii promota hakutaka ngumi za kawaida.

Siku chache nyuma, usiku wa Oktoba 28, Francis Ngannou alikuwa amemwangusha Tyson Fury raundi ya tatu kule Riyadh. Saa ya Riyadh ndiyo saa yetu, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kudamka alfajiri kama tulivyofanya Agosti 2017, bondia Mayweather alipopigana na McGregor, mgeni kwenye ngumi, kule Las Vegas. Vibanda umiza vya Magomeni, hapa Mtwara, vilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Fury alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa WBC. Ngannou, Mkameruni aliyechimba mchanga utotoni kijijini Batié, alikuwa hajawahi kupigana pambano hata moja la ngumi za kulipwa. Sifa yake yote aliipata UFC, kampuni ya mapambano ya MMA, mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabali. Fury alipewa ushindi kwa majaji kugawanyika: mmoja 96-93, mwingine 95-94, na wa tatu akampa Ngannou 95-94. Kuanzia asubuhi ile ubishi wa mji ulikuwa mmoja tu: bondia na mtu wa UFC, nani zaidi?

Promota alisikia ubishi huo akaona ukumbi umejaa.

Wahusika nitawaeleza bila majina. Bondia wetu ana miaka 24, hupigana uzito wa welta, chini kidogo ya kilo 67, na korosho zikianza kushuka bandarini anakuwa kuli mchana, jimu jioni. Mpinzani aliyetafutiwa ni kijana wa Lindi anayekaribia miaka 30, aliyeanza na karate akahamia kwenye ngumi na mateke, kisha akajifunza kabali na kuangusha kwa kufanya mazoezi na wenzake ufukweni. Siku za kawaida ana kilo 76 hivi. Mimi ni mtu wa kona. Nafunga bandeji, nashika ndoo, na taulo la kusimamishia pambano liko begani kwangu. Wa nne ni mjomba wa bondia, maana kwetu Wamakonde jambo zito la kijana halipitishwi bila mjomba wake kukaa kitako na kulisikiliza.

Mkataba ulisema hivi, kwa ufupi: pambano la kihistoria, raundi 6, ngumi, mateke na kushikana ruksa, glovu ndogo, uzito huria, mshindi shilingi 400,000, aliyeshindwa 200,000, asiyemaliza "atalipwa kwa makubaliano". Daktari hakutajwa popote. Kijana alikuwa ameshashika kalamu.

Nilimwomba aiweke chini kwanza, nikausoma ule mkataba mstari kwa mstari. Kwenye pambano la namna hii kazi kubwa inafanyika mezani kabla ya kengele, na aliyevuka kwenda kwenye kanuni za mwenzake ndiye anayelipa kwa mwili wake. Hilo ninaliamini kabisa, na si kwa kukisia. Limeshaonekana mara nyingi.

Chukua Tokyo, Juni 26, 1976. Muhammad Ali, bingwa wa dunia, aliingia ukumbi wa Nippon Budokan kupigana na Antonio Inoki, mwanamieleka wa Japani. Kanuni zilikuwa za kuchanganya, na zilivutaniwa mpaka dakika za mwisho. Inoki akatumia kilichobaki ndani ya kanuni hizo: alilala chini chali, raundi baada ya raundi, akawa anamchapa Ali miguuni. Raundi zote 15 zilikwenda hivyo. Ngumi alizorusha Ali zilikuwa za kuhesabika, majaji wakatoa sare, watazamaji wakarusha takataka wakidai hela zao. Wengi wanalikumbuka kama kichekesho. Mimi nakumbuka miguu ya Ali. Ilivimba, damu ikaganda ndani, akalazwa hospitali, na Septemba mwaka uleule alikuwa na Ken Norton mbele yake.

Kwa nini miguu? Hapa niende taratibu, kwa sababu ndiyo iliyoamua kisa chetu pia. Bondia husimama upande, mguu wa mbele ukiwa umeingia ndani kidogo, na kila anaporusha jabu, ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, uzito wa mwili huuegemea mguu ule. Nguvu ya ngumi haizaliwi mkononi. Inaanzia kwenye wayo, inapanda kwenye paja, inazunguka kiunoni ndipo inafika kwenye bega. Mpiga mateke analijua paja hilo. Analenga nje, juu kidogo ya goti, na halihitaji teke la kuua mtu. Matatu manne yanayotua palepale yanatosha kuufanya msuli ukaze na mguu ukatae kubeba. Kinga yake ni kuunyanyua mguu na kulipokea teke kwa ugoko, jambo linaloleta tatizo jingine: bondia aliyenyanyua mguu wa mbele hana ngumi. Kuujengea mwili mazoea hayo ni kazi ya miezi mingi. Sisi tulipewa wiki tano.

Kushikana ndiko kulikonitisha zaidi. Agosti 28, 2010, kwenye UFC 118 mjini Boston, James Toney, bondia aliyekuwa na mikanda ya dunia katika uzito tofauti, alipambanishwa na Randy Couture, bingwa wa zamani wa UFC, kwa kanuni za MMA. Couture hakubishana naye kwa ngumi. Alimshika mguu, akamlaza, akamkaba mpaka Toney akasalimu amri raundi ya kwanza. Kijana wangu hajui hata kuanguka vizuri.

Glovu ndogo nazo. Za MMA ni wakia 4, vidole wazi. Bondia amezoea kujificha nyuma ya glovu za wakia 8 au 10 akiziegemeza mashavuni. Ukimvisha za wakia 4 na mazoea yaleyale, ngumi zinapita katikati na yeye anashangaa zimepitia wapi. Tena mifupa ya mkono inavunjika kirahisi. Watu wanadhani glovu ndogo inampa faida mwenye ngumi nzito. Inampa anayejua kuitumia. Wasimamizi wa ngumi wa Nevada, Marekani, mwaka 2017 waliruhusu Mayweather na McGregor wavae za wakia 8 wakati uzito wao wa ratili 154 kwa kawaida ulidai 10, na McGregor bado alisimamishwa raundi ya 10, miguu imeisha, kwenye pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Alikuwa amepata ngumi 111 dhidi ya 170 za mwenzake, si haba kwa mgeni. Ila Mayweather alimwachia raundi za mwanzo ajichoshe, kwa sababu alijua kwamba mtu aliyezoea kupigana raundi za dakika 5, tatu au tano, hana hesabu ya raundi 12 mwilini mwake.

Tulikutana na promota kwenye mgahawa karibu na stendi, mjomba akiwepo.

"Mwalimu, watu hawatoi elfu tano kuja kusikiliza kanuni," promota alisema. "Wanataka kujua nani mwanaume."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Kijana akivunjika mguu, nani ataenda kubeba magunia bandarini?"

"Mzee wangu, hatavunjika."

"Basi liandike hilo hapo."

Promota hakuliandika, lakini kuanzia hapo alianza kusikiliza. Sitaki aonekane mtu mbaya. Ni mtu anayekodi ukumbi, jenereta na spika kwa hela yake, na watu wasipokuja anabaki na madeni. Mimi pia sioni aibu kwa tamasha. Karim Mandonga, Mtu Kazi, aliwajaza watu kumbini na kwenye televisheni kwa mdomo wake na ngumi zake zenye majina kama Sugunyo, akashinda na kushindwa, na ngumi za nchi hii zikapata macho ambayo hazikuwa nayo. Lakini Mandonga alipanda ulingoni kwa kanuni za ngumi, akiwa na bondia mbele yake. Aliyenunua tiketi alijua anachonunua. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa naigombania.

Kufikia jioni tulikubaliana hivi. Kushikana kunatolewa. Glovu za wakia 10 kwa wote. Raundi 4 za dakika 2. Mpinzani asizidi kilo 72. Mateke yasilenge goti, na mpigaji avae vikinga vya ugoko. Tabibu awepo ukumbini kuanzia pambano la kwanza la utangulizi. Kila kona iwe na haki ya kusimamisha pambano. Malipo shilingi 300,000 kwa kila mmoja, ashinde ashindwe, amalize asimalize, nusu akabidhiwe mjomba kabla ya siku. Hili la mwisho nililing'ang'ania kuliko yote. Mtu anayejua kwamba akisimamishwa hapati hela atadanganya kwamba yuko mzima.

Tulikwama kwenye mpangilio wa raundi. Promota alikuwa ameona pambano la Singapore la Machi 2022, Demetrious Johnson wa MMA na Rodtang wa Thailand, lililokwenda kwa kupokezana: raundi moja ya ngumi na mateke ya Kithai, inayofuata ya MMA, hivyo hivyo mpaka ya nne. Akataka nasi tupokezane, tukianzia mateke. Mimi nilitaka raundi tatu za ngumi kwanza, mateke yaje ya mwisho. Aliniambia nakwepa, na kwamba kupokezana ndiyo haki yenyewe, kila mmoja anapata zamu yake.

Kupokezana kunaonekana haki kwenye karatasi. Singapore, Johnson alilazimika kwanza kuvuka dakika tatu za Rodtang. Alipozivuka, raundi ya pili ilikuwa yake na akamkaba Rodtang mpaka akapoteza fahamu. Angeumizwa vibaya raundi ya kwanza, zamu yake isingemfaa kitu. Kanuni zinabadilika kengele inapogongwa, ila mwili unaingia raundi mpya na majeraha ya raundi iliyopita. Na kwetu kulikuwa na kasoro nyingine: kwenye raundi za mateke ngumi ziliruhusiwa pia, hivyo bondia hakuwa na raundi hata moja ambayo mpinzani angelazimika kukutana na kitu asichokijua. Nililisema hilo mezani, mjomba akaniunga mkono, promota akakataa katakata. Tukaishia ngumi, mateke, ngumi, mateke.

Wiki tano zile tulizitumia kwenye jambo moja, kuunyanyua mguu. Jimu yetu haina mtaalamu wa mateke, kwa hiyo tulimwomba kijana mmoja wa karate kutoka Shangani awe anakuja jioni. Nilimkumbusha kijana habari za Holly Holm, bingwa wa ngumi wa Marekani aliyeingia MMA mwaka 2011 na Novemba 2015 akamwangusha Ronda Rousey kwa teke la kichwani. Kuvuka kunawezekana. Lakini Holm alijifunza kwa miaka, na kijana wangu alitoka kubeba magunia saa kumi na moja akiwa amechoka mgongo.

Siku ya kupima uzito, mpinzani alifika kutoka Lindi na rafiki mmoja aliyebeba chupa ya maji. Hakuwa na kocha. Mizani ilisoma kilo 73 na kidogo, promota akataka tulipitishe hivyo hivyo. Mpinzani mwenyewe akasema ataenda kukimbia, akarudi baada ya muda akiwa amelowa jasho, kilo 72. Nilimheshimu sana hapo. Nilimuuliza kona yake itasimamiwa na nani. Akanijibu, "Mwalimu, huyu rafiki yangu anajua kumwaga maji." Nikamtafutia mtu wa kona, bondia mstaafu wa hapa mjini, nikampa na taulo. Wengine kambini kwetu hawakufurahi. Lakini kwenye raundi mbili za ngumi yeye ndiye aliyekuwa upande dhaifu, akiwa peke yake mbele ya mtu anayejua kazi, na nisingeweza kudai ulinzi wa kijana wangu huku nikiufumbia macho wa mwenziwe.

Pambano lenyewe sasa.

Raundi ya kwanza ilikuwa yetu yote. Watu wa mateke hubeba kidevu juu na kurudi nyuma wakiwa wamenyooka, maana mchezo wao una hatari nyingine za kuangalia, na jabu ya kijana ilikuwa inafika kila ilipotumwa. Ukumbi ukaanza kusema imekwisha.

Ya pili, teke la kwanza alilipokea kwa ugoko kama tulivyofanya mazoezi. La pili pia. La tatu lilikuja likifuata ngumi mbili, mikono yake ikiwa juu na uzito mbele, likatua kwenye paja la kushoto kwa mlio uliosikika mpaka kwenye viti vya nyuma. Likafuata jingine palepale, na jingine. Vikinga vya ugoko vilipunguza makali, havikuondoa. Alipokaa kwenye kiti nilivuta bukta juu nikaona doa jekundu upana wa kiganja, limeinuka. Nikaweka barafu. "Kocha, niko fiti," alisema, huku akiukunja mguu wa kulia kujisukuma ainuke.

Watazamaji waliiona raundi ya tatu kama raundi ya ushujaa, na kweli ushujaa ulikuwepo. Mimi niliona ngumi zisizo na mguu. Zilikuwa zinatoka begani tu, wayo wa kushoto umelala bapa sakafuni. Hata hivyo alimsubiri mwenzake aingie, akampiga ndoano ya kushoto kwenye ini. Mpinzani alipiga goti. Refa akahesabu mpaka nane, ukumbi mzima ukiwa umesimama. Bondia mwenye miguu miwili angemaliza pale. Wetu alivuta hatua mbili kumfuata, ya tatu ikamkatalia, kengele ikagonga.

Kwenye mapumziko nilimwambia asimame kwa mguu wa kushoto peke yake. Hakuweza. Raundi iliyobaki ilikuwa ya mateke. Nikamwita refa, nikampa taulo mkononi ili asiseme hakuliona.

Chupa za maji zilirushwa. Watu walidai hela zao, wakaniita mwoga, wengine wakasema nimeuza pambano kwani kwa pointi tulikuwa mbele. Kijana alilia. Tabibu alimchunguza akasema msuli umepata jeraha baya lakini mfupa mzima. Apumzike, asibebe mizigo. Alikaa nje ya bandari karibu wiki tatu, katikati ya msimu, na hapo ndipo shilingi 300,000 zilionekana zilivyo ndogo. Promota alijaribu kurudi kwenye "asiyemaliza", mjomba akamwonyesha mstari uliosainiwa. Alilipa nusu iliyobaki baada ya mvutano.

Mtaani waliohesabu matokeo walisema UFC imeshinda. Pambano lile halikuthibitisha hilo. Lilionyesha kwamba raundi ya mateke ikitangulia raundi ya ngumi, raundi ya ngumi haibaki kama ilivyoandikwa. Tungeyaweka mateke mwishoni, nadhani kijana angemaliza kazi raundi ya pili au ya tatu, na mtaa uleule ungesema ngumi ndiyo mchezo. Jibu lilikuwa limeshatolewa mgahawani.

Machi 8, 2024, Ngannou alirudi Riyadh kupigana na Anthony Joshua kwa kanuni za ngumi. Joshua alimwangusha mara tatu, mara ya mwisho raundi ya pili, na haikuhitaji kuhesabiwa. Fury alikutana na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipigana ngumi. Joshua alikuwa na raundi 10 za kumtazama na kumsoma. Mshangao wa anayevuka unafanya kazi vizuri mara ya kwanza. Baada ya hapo anabaki na ujuzi wake tu, na uzoefu wa Ngannou kwenye ngumi za kulipwa ulikuwa wa pambano moja.

Wiki hiyohiyo promota akapiga simu. Mtwara sasa walikuwa wanasema bondia ndiye mwenyewe, na alitaka marudiano msimu wa korosho unaofuata, safari hii kushikana kukiwemo. Kijana anataka. Ni mwili wake na ana haki ya kutaka, kwa hiyo sikumkataza. Tumemjibu promota kwa maandishi, mjomba ametia saini: kushikana hapana, ngumi raundi tatu za mwanzo, mateke ya nne, maandalizi yasipungue miezi minne, naye alipie mwalimu wa mateke, malipo yapande, yawe sawa kwa wote wawili, na yafidie siku za kazi kama tabibu atamsimamisha mmoja wao, mpinzani aje na kona yake kwa gharama ya promota, na bango la pambano liandike kanuni kwa herufi kubwa kama majina ya wapiganaji, ili mwenye elfu tano yake ajue anakuja kuona nini. Amekubali la bango na la kona. Mpangilio wa raundi anasema atafikiria. Kuhusu siku za kazi hajajibu, na mjomba amesema hilo likikosekana kalamu haishikwi.